Mwandani wa Imani: Namna ya Kumpata, Kufanya Agano Naye na Kumtunza

Ibada ya pili ikimalizika kwenye makanisa ya Barabara ya Nkrumah, hapa Mombasa, watu hawaondoki mara moja. Wanasimama kivulini, wanashikana mikono. Bwana asifiwe. Amina. Habari za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Tunamshukuru Mungu. Nimesimama kwenye kivuli hicho miaka mingi, na nimejibu "nzuri" siku ambazo hakukuwa na zuri hata moja.

Mwaka mmoja nilipoteza kazi yangu ya ukarani nisimwambie mtu. Kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikavuka feri kutoka Likoni pamoja na umati, kisha badala ya kushika njia ya ofisini nikakata kuelekea ufukwe wa Mama Ngina, nikakaa chini ya mbuyu mpaka jioni. Miezi minne. Jumapili niliimba kwaya kama kawaida, sauti ya tatu, mstari wa nyuma. Tulikuwa waimbaji zaidi ya thelathini, na aliyegundua alikuwa mmoja tu: mzee wa sauti ya nne, fundi wa mabomba, ambaye hatukuwa hata na mazoea. Alinivuta kando baada ya mazoezi akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi mchana unakula wapi?" Angeuliza habari za kazi ningemjibu, kwani uongo wa hilo nilikuwa nao tayari. Mchana nakula wapi, sikuwa nimejiandaa.

Tangu siku hiyo naamini kwamba rafiki wa imani ni mtu uliyempa ruhusa ya kukuuliza, naye akakupa wewe ruhusa hiyohiyo, nanyi wawili mnajua kwamba Mungu anasikia jibu. Kucheka pamoja ni kuzuri, kula pamoja ni kuzuri zaidi, lakini pasipo ruhusa hiyo mtu aweza kuzama katikati ya kwaya inayoimba. Na ruhusa haiji yenyewe. Inatafutwa, inaombwa, inatunzwa. Nitaeleza njia jinsi nilivyoipita, pamoja na pale nilipojikwaa.

Kwanza tofautisha majina

Kiswahili cha pwani hakikutuacha na neno moja. Kuna jirani, kuna mwenzio wa kazini, kuna sahibu wa barazani, kuna msiri, na kuna mwandani, yaani mtu wa ndani. Wote ni neema, ila hawafanyi kazi moja. Yesu aliwatuma sabini, akatembea na kumi na wawili, na usiku wa Gethsemane akawasogeza karibu watatu. Hakuwadharau wale wengine. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huwezi kuwa mwandani wa ushirika mzima. Wawili wanatosha. Mmoja wa kweli anatosha kuanzia.

Najua kuna methali ya wahenga: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimeiona ikitimia misibani na siichezei. Lakini pita Kengeleni, kule Frere Town, uitazame ile kengele iliyoupa mtaa jina lake. Mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walianzisha pale makazi ya watu waliookolewa kutoka kwenye biashara ya watumwa. Walitoka makabila mengi ya bara, wengi walichukuliwa wangali watoto, na mzaliwa nao hawakuwa naye tena. Walioana, wakalea, wakazikana. Kanisa la pwani hii lilijengwa kwa sehemu kubwa na watu ambao ndugu zao walikuwa ndugu wa imani tu. Ninapoisikia methali ile huwakumbuka hao.

Hatua ya kwanza: jipime kwa maswali matatu

Chukua karatasi, usifanye kichwani. Andika: Nani anajua deni langu lote, si la dukani tu? Nani anajua dhambi ninayoirudia? Nani alinikataza jambo mwaka huu nikamsikiliza? Mbele ya kila swali weka jina. Mume au mke ni jina halali, lakini jaribu kuweka na la pili, kwa sababu kuna siku ambapo shida yenyewe iko kati yenu.

Nafasi zikibaki tupu usitishike. Wazee wa kanisa wengi, wakiwa wakweli, wataacha nafasi tupu nyingi kuliko wewe, maana kila mtu huwaletea yake na hakuna anayewauliza yao.

Hatua ya pili: mtafute mahali penye kazi

Mazungumzo ya kivulini baada ya ibada hayamwonyeshi mtu. Kazi humwonyesha. Nenda mnapopanga viti, mnapopika pilau ya harusi ya muumini, mnapokesha matangani, mnapokwenda kumwona mgonjwa Coast General. Kama uko Kanisa Katoliki, jumuiya ndogondogo ya mtaani kwenu ndiyo pahali pake hasa, kwa kuwa mnakutana sebuleni kwa watu na sebule haifichi mengi. Makanisa mengine yana vikundi vya nyumbani, kina mama wana umoja wao. Jiunge na kimoja ukae mwaka mzima. Anayehama kila miezi mitatu hatajulikana, na pengine hataki.

Unatazama nini? Mimi hutazama jinsi mtu anavyomtaja asiyekuwepo. Akinisimulia ya fulani leo, kesho atamsimulia fulani yangu. Hutazama anavyosema na kondakta wa matatu aliyekosea chenji. Hutazama kama anarudisha sufuria. Haya ni mambo madogo na yanaweza kuonekana ya kitoto, lakini sijapata kukutana na mtu mwaminifu kwenye siri aliyekuwa hovyo kwenye sufuria. Tena tazama kama humtaja Mungu wakati hakuna anayesikiliza, kwenye foleni ya feri, akiwa amechoka. Wapo watu ambao imani yao ina maikrofoni, ikizimwa, imekwisha.

Usimtafute anayefanana nawe tu. Yule mzee alinizidi miaka ishirini na tano, hakumaliza darasa la saba, na anaijua Biblia ya mfukoni mwake kurasa zilipochanika. Ningechagua kwa macho yangu nisingemchagua. Hilo huniogopesha nikilifikiria.

Hatua ya tatu: toa siri ndogo, kisha ngoja

Usimwage moyo wote siku ya kwanza. Mpe jambo dogo la kweli, kwa mfano kwamba umechelewesha karo, au kwamba wiki hii umeshindwa kuomba. Kisha ngoja mwezi. Je, limerudi kwako kupitia mdomo mwingine? Je, alilikumbuka mwenyewe akakuuliza limefikia wapi? Yote mawili ni muhimu. Asiyetoa siri ila pia hakumbuki ni sanduku, si rafiki.

Hapa niseme jambo linalonichoma. Katika makanisa yetu siri nyingi huvuja kwa jina la maombi. "Tumkumbuke dada fulani, mnajua anapita wapi," na watu ishirini sasa wanajua anapita wapi. Kabla hujapeleka shida ya mtu kwenye kikundi, hata cha WhatsApp cha waombezi, muulize mwenyewe kama ameruhusu. Akisema hapana, mwombee peke yako. Mungu hahitaji wingi wa masikio.

Hatua ya nne: ombeni ruhusa kwa maneno, mfanye agano

Wengi hufika hatua ya tatu wakaishia hapo, wakitegemea kwamba mambo yatajielewa. Hayajielewi. Yonathani na Daudi walipendana, lakini hawakuacha upendo uelee. Walifanya agano, na 1 Samweli 18 inasema hivyo wazi. Agano ndilo lililowabeba baba yake Yonathani alipoanza kumwinda Daudi.

Sema kwa kinywa chako. Mimi nilisema hivi, na waweza kuyachukua maneno kama yalivyo: "Mzee, nataka uwe mtu wa kuniuliza. Ukiona jambo kwangu usinyamaze. Na mimi ningependa nikuulize pia, ukiniruhusu." Kwa mtu aliyenizidi umri ile sehemu ya mwisho ilinitoa jasho, lakini urafiki wa upande mmoja ni ulezi. Ulezi ni mwema, ila ni kitu kingine.

Niseme pia kwamba yeye hakuwa wa kwanza kumwomba. Wa kwanza alikuwa mtu wa rika langu, tuliyezoeana sana. Alisikiliza, akasema kwa upole kwamba kwa wakati ule hana nafasi ya moyo. Niliona haya Jumapili tatu. Baadaye nilielewa kwamba alinitendea haki kwa kukataa kuliko angekubali kwa mdomo. Bado tunaimba pamoja.

Mkikubaliana, panga vitu vinne: siku, mahali, muda, na maswali. Sisi tulichagua Alhamisi, saa moja kamili jioni, kwenye benchi la kibanda cha mahamri na mbaazi karibu na kivuko. Maswali yetu ni matatu na hayajabadilika: Wiki hii umesema na Mungu nini? Umeanguka wapi? Nyumbani kwako wako salama na wewe? Swali la tatu alilileta mzee. Haulizi kama watu wa nyumbani hawajambo. Anauliza kama wako salama na mimi. Kuna wiki nililiogopa.

Malizeni kwa kuombeana kwa sauti ya chini, kila mmoja akitaja alichosikia. Dakika tano zinatosha. Yakobo 5:16 haisemi tukiri na kuagana. Inasema tukiri na kuombeana.

Hatua ya tano: kusikiliza

Marafiki wa Ayubu hutajwa kwa ubaya, na sura za mbele wamestahili. Lakini soma mwisho wa sura ya pili. Walitoka kila mmoja kwao, wakapatana kwenda pamoja, wakakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa. Siku hizo saba walikuwa marafiki kamili. Waliharibu walipoanza kueleza.

Kwa hiyo mwenzako akikuletea zito, usikimbilie aya. Usiseme "Mungu ana makusudi" mbele ya jeneza. Uliza moja tu: "Unataka nikusikilize, au unataka tufikiri pamoja la kufanya?" Swali hilo limeniepusha na makosa mengi. Na kama anahitaji kitu cha mkononi, kama maji ya mtungi, mtu wa kushinda na watoto, mtu wa kumsindikiza kortini, basi hicho ndicho kiwe maombi yako ya siku hiyo. Wale wanne wa Marko 2 hawakumhubiria aliyepooza. Walimbeba, wakabomoa dari ya watu, na imani iliyotajwa pale ni imani yao.

Hatua ya sita: kukemea bila kuua

Hapa ndipo urafiki mwingi wa kanisani unapokufa, ama kwa kunyamaza ama kwa kusema vibaya.

Mathayo 18:15 imeweka mpaka: wewe na yeye peke yenu. Si kwenye kikundi, si kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, si kwa kumtuma mtu. Na si kwa maombi. Sote tumeshika mikono kwenye duara tukasikia, "Bwana, mguse ndugu yetu ambaye siku hizi moyo wake uko kwenye pombe," na ndugu amesimama hapo hapo, macho amefumba, masikio yanawaka. Hayo si maombi. Ni fimbo iliyofungwa kitambaa, nami naomba tuiache.

Nenda kwake. Mketi. Anza na ulichokiona kwa macho yako, uache ulichosikia: "Jumanne nilikuona umetoka mahali fulani, nikasumbuka." Kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kukueleza, huenda umeona vibaya. Ikiwa ni kweli, taja dhambi kwa jina lake bila kuipaka sukari, halafu papo hapo useme utakalofanya wewe: utamsindikiza kwa mchungaji, utampigia kila jioni ya siku za mshahara, utakwenda naye kwa mkewe. Karipio lisilo na msaada ni mzigo mwingine, na Wagalatia 6 imetuagiza kuchukuliana mizigo.

Nawe ukikaripiwa, usijitetee siku hiyo. Sema, "Nimesikia, nipe mpaka kesho." Usiku mmoja hutuliza damu.

Kuhusu pesa

Fupi, kwa sababu ni wazi. Usimkopeshe mwandani kiasi ambacho kisiporudi utamchukia. Toa kile unachoweza kukisahau, uite zawadi tangu mwanzo. Kama ni mkopo, uandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: kiasi, tarehe. Na rafiki anayetokea siku za kamati ya harusi yake tu, mchango ukishatumwa kwa M-Pesa haonekani, mpende, msamehe, ila usimweke ndani.

Mwanamume na mwanamke, na majirani Waislamu

Mwandani wa maswali haya matatu awe wa jinsia yako, na kama umeoa au umeolewa, mwenzio wa ndoa amjue na ajue mnapokutana. Sisemi kwamba urafiki mwingine haufai. Nasema maungamo hufungua milango ambayo baadaye ni kazi kuifunga.

Na tafadhali, urafiki wa imani usiwe sababu ya kumnunia jirani Mwislamu. Huu ni mji wa adhana na kengele. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mwislamu. Ramadhani analeta kaimati, Krismasi tunapeleka pilau, na mama yangu alipofariki yeye ndiye aliyepanga viti kabla kanisa halijafika. Simfanyi mwandani wa maungamo yangu kwa Kristo, na yeye hanifanyi wa toba yake, lakini nikimdharau nitakuwa nimejifunza nini Alhamisi zote zile?

Siri isiyotunzwa

Ruhusa ina mpaka. Mtoto akiwa anaumizwa, mtu akiwa anataka kujiua, mke au mume akiwa anapigwa, usitunze siri. Mwambie rafiki yako uso kwa uso kwamba hili halibebwi na wawili, kisha mwende pamoja kwa anayeweza kusaidia. Kwa mambo ya watoto Kenya nzima kuna nambari 116, ya kupiga bure. Na mtu yeyote anayekwambia usimweleze mkeo, usimweleze mchungaji, tusemezane sisi tu, huyo hakujengi. Anakuzungushia ukuta.

Mkikosana

Mtakosana. Nani hajakosana?

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Miaka miwili alikuwa peke yake katika kazi ile mpaka Johannes Rebmann alipomfikia mwaka 1846. Agosti walipanda vilima kwenda kuanzisha misheni ya Rabai, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Urafiki ulioanza hivyo ungedhaniwa haugusiki. Lakini walitofautiana vikali kuhusu kazi yenyewe. Krapf aliota mnyororo wa misheni kuvuka Afrika nzima, mguu wake hautulii. Rebmann aliona ni bora kukaa mahali pamoja, kujifunza lugha, kungoja. Krapf aliondoka mwaka 1853 afya ikiwa imeharibika. Rebmann akabaki Rabai hadi mwaka 1875, macho yakapofuka.

Aliporudi Ujerumani akiwa kipofu, alikwenda kuishi Korntal, mji aliokuwa akiishi Krapf. Alifariki huko mwaka 1876, na Krapf akafariki hapohapo mwaka 1881. Baada ya kutofautiana kote kule, mmoja hakuwa na macho na mwingine alikuwa jirani. Kwenye makumbusho ya Rabai huwa nafikiria zaidi hilo kuliko milima ya Kilimanjaro na Kenya waliyoiona.

Kwa hiyo, mkikosana juu ya njia, mnaweza kutengana njia bila kuvunja agano, kama Paulo na Barnaba walivyotengana kwa ajili ya Marko, na miaka baadaye Paulo akaandika aletewe Marko huyohuyo. Mkikosana kwa dhambi, aliyekosa aende kwanza. Kama hamjui aliyekosa ni nani, nenda wewe. Usiruhusu Alhamisi ya pili ipite. Ya kwanza ni ya hasira, inaeleweka. Ya pili inaanza kuwa mazoea.

Akihama

Mombasa ni mji wa kuondoka. Bandari, reli, kazi za Ghuba, watoto wanaowaita wazee wao bara. Mzee wangu wa sauti ya nne aliitwa na binti yake Nakuru mwaka juzi, kifua chake hakipatani tena na joto la huku. Tulipoagana tulipanga upya vilevile vinne: siku ileile, saa ileile, simu ya sauti wala si maandishi, maswali yaleyale. Tukaongeza zaburi moja kwa wiki, kila mmoja aisome kwake. Mahali ndipo palipobadilika. Saa hiyo mimi huwa nimetoka kazini, niko juu ya feri kati ya watu, na simu inaita tukiwa katikati ya maji. Napokea kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chuma. Kelele za injini ni nyingi, inanibidi nijibu kwa sauti, na wiki iliyopita mama mmoja aliyesimama karibu yangu na kikapu cha samaki aligeuka kunitazama niliposema, "Hapana mzee, wiki hii hawakuwa salama na mimi. Nilimfokea kijana." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimeshamwomba msamaha. Nilikuwa sijamwomba. Akasema nisikate simu, tutembee wote mpaka mlangoni.